Makiwa kwa mjane na mgane kijana: Maneno ya faraja ni ya nani?

KATI ya maneno ambayo sisi Wakenya huyatamka pasi na kuyafikiria ni haya: kazi ya Mungu haina makosa. Utayasikia mochari, utayasoma kwenye kikundi cha WhatsApp cha kamati ya mazishi, utayakuta yamechapishwa katika ratiba ya ibada chini ya picha ya kijana wa miaka 31 anayetabasamu. Leo ningependa, ndugu msomaji, tuyatazame maneno hayo na wenzake yanapoelekezwa kwa mtu mmoja tu: mume au mke aliyefiwa ghafla na mwenzake, wote wawili wakiwa bado vijana.

Nimeuchagua msiba wa aina hii kwa sababu ndio unaoifichua lugha yetu ya maombolezo. Akifa mzee wa miaka 90, misemo tuliyorithi inatosha. Tunasema amekula chumvi nyingi, ameacha wajukuu na vitukuu, kazi yake ameimaliza. Waombolezaji wanaitikia, na wengine hata wanacheka kidogo wakikumbuka vituko vyake. Ila kijana aliyeondoka nyumbani asubuhi akisema atarudi na maziwa ya mtoto, kisha asirudi, hatuna la kumwambia mkewe. Na kwa kuwa hatuna la kumwambia, tunamwambia mengi.

"Mungu alimpenda zaidi." "Jikaze, una mtoto." "Wakati utakuponya." "Wewe bado msichana, utapata mwingine." Hili la mwisho, jamani, husemwa udongo wa kaburi haujakauka.

Sidai kwamba maneno haya yote ni ya uongo. Mengine yana imani ndani yake, na imani ya mtu si jambo la kuchezewa katika safu ya lugha. Hoja yangu ni nyingine. Nashikilia kwamba penye msiba, uzito wa sentensi hutegemea kinywa kinachoitoa. Sentensi ileile ambayo ikitoka kwa mjane ni faraja, ikitoka kwa mgeni na kumwelekea mjane huwa amri ya kunyamaza. Kiswahili, kwa sarufi yake na kwa fasihi yake, kimelijua jambo hili tangu zamani. Wasemaji wake wa leo ndio tunaolisahau.

Tuanze na sarufi. Kitenzi "kufa" hakihitaji yambwa. Mtu hufa, basi. Lakini hebu kinyambue. Katika kauli ya kutendea tunapata "kufia": mume amemfia mkewe. Katika kauli ya kutendewa tunapata "kufiwa": mke amefiwa na mumewe. Tazama kilichotokea. Aliyekufa ameondolewa kwenye nafasi ya kiima, na aliyebaki ndiye aliyewekwa hapo. Tukio ni la marehemu, sentensi ni ya mjane. Ndivyo lugha yetu inavyofanya na mvua pia. Mvua hunyesha, lakini mimi ndiye ninayenyeshewa. Mvua haikunikusudia wala haijui nipo. Hata hivyo maji yamenifika, na sarufi inakiri kwamba yamenifika.

Siku hizi neno hili limepata mshindani. Redioni na mitandaoni utasikia kwamba fulani "amempoteza mumewe". Nalielewa, na sina haja ya kulipiga marufuku, lakini tulipime. Anayepoteza kitu huwa alikuwa nacho mkononi, akazubaa. Anayepoteza ufunguo hutarajiwa autafute, na asipouona, achonge mwingine. Si ajabu basi kwamba "amempoteza" huishia kwa urahisi sana kwenye "utapata mwingine". Maneno hayo mawili yametoka ghala moja. Aliyefiwa hakupoteza kitu. Yeye amefikiwa na kitu.

Jambo la pili la kisarufi liko katika tanzia zetu. Tanzia nyingi husema marehemu "aliaga dunia". Kwa mzee aliyeugua na kuwaita wanawe kitandani, msemo huu unatosha kabisa. Kwa kifo cha ghafla una walakini. Kuaga ni tendo la upande mmoja, kuagana ni la pande mbili. Wazee wa pwani walikuwa na neno buriani: maneno ya kuagana na kutakana radhi, mtu anapoanza safari ndefu au anapohisi siku zake zimefika. Kifo cha ghafla huinyang'anya ndoa buriani. Dunia ameiaga, kwa mujibu wa tanzia, lakini mkewe hakumwaga. Maneno ya mwisho kati yao huwa madogo mno, kuhusu tokeni za stima, kuhusu karo, kuhusu nani atamchukua mtoto. Mara nyingine huwa ni ugomvi mdogo ambao wote wawili walijua ungeisha jioni.

Mpwa wangu alifiwa akiwa na miaka 27. Mumewe aligongwa na lori akielekea kazini, kabla ya saa mbili asubuhi. Maneno yake ya mwisho kwa mkewe yalihusu mtungi wa gesi, kwamba unakaribia kuisha na ataubadilisha akirudi. Siku ya tatu, sebule ikiwa imejaa watu, jirani akaleta chapati. Mpwa wangu akazitazama, akasema bila kumlenga mtu yeyote: "Huyu hupenda zile zimeungua kidogo pembeni." Shangazi mmoja akamsahihisha kwa upole: "Alikuwa akipenda, mwanangu." Msichana akanyamaza, na jioni ile nzima hakusema tena.

Nafundisha Kiswahili, na nataka niseme hapa kwamba kisarufi mpwa wangu hakuwa na kosa lolote. Kiambishi hu- cha mazoea ni cha ajabu katika lugha yetu. Hakibebi wakati, na wala hakibebi nafsi: mimi hupenda, wewe hupenda, yeye hupenda, sisi hupenda. Ukisema "hupenda" hujasema jana wala kesho. Umetaja desturi ya mtu, na desturi haifi siku moja na mwenyewe. Kikombe chake bado kipo palepale. Upande wake wa kitanda bado umebonyea. Mtoto bado hukimbilia mlangoni saa ile ile akisikia lango. Aliyefiwa ghafla huishi kwa muda ndani ya hu-, na shangazi yule, kwa nia njema, alimtoa humo kwa nguvu akamtupa kwenye -li-.

Wiki kadhaa baadaye mpwa wangu aliniambia jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. "Mjomba," alisema, "kila mtu anaingia hapa ananiambia vile nitakuwa. Hakuna ananiuliza vile alikuwa."

Tuje sasa kwenye majina. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba mke aliyefiwa ni mjane na mume aliyefiwa ni mgane. Amelikariri kwa ajili ya mtihani. Nje ya mtihani, mgane ni neno la nadra mno. Nimehudhuria mazishi ambapo mwanamume aliyefiwa aliitwa "bwana wa marehemu" tangu sala ya kufungua hadi shukrani za mwisho, kana kwamba bado ni mume wa mtu aliye chumba cha pili. Kila tarehe 23 Juni, tangu 2011, Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wajane. Sababu ya kuwatenga wajane ni nzito na siipingi. Wao ndio hunyang'anywa shamba na nyumba na wakwe, na wao ndio huambiwa kwamba wamekuja na kisirani. Lakini mgane, ambaye shamba lake haliguswi, hata jina lake hatulitumii.

Katika Uislamu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, au akiwa mjamzito, hadi ajifungue. Eda, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuhesabu. Wakati huo wa kuhesabu siku, Waswahili humwita kizuka. Kamusi itakuambia kwamba kizuka pia ni kitu cha kutisha kinachotokea ghafla mbele ya mtu, mfano wa pepo. Unaweza kulishutumu jina hili, na wapo wanaolishutumu. Mimi naliona lina ukatili na lina ukweli. Mjane kijana huonekana na kila mtu, ila wachache ndio wanaomsemesha. Watu huzungumza juu yake akiwa hapo hapo: atarudi kwao? mtoto atabaki na nani? gari liliandikishwa kwa jina gani?

Mgane naye hana eda wala ukizuka. Mazishi yakiisha anarudi kazini na kuambiwa ajikaze kisabuni. Waliouunda msemo huu hawakuitazama sabuni vizuri. Kadiri inavyotumika huku imejikaza mkononi mwa mtu, ndivyo inavyokwisha.

Kwa sababu hiyo shairi la "Amina" la Shaaban Robert lina thamani ambayo darasani hatuipi. Shaaban, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alilitunga kumwombolezea Amina, mke wake wa kwanza. Mwanafunzi huambiwa ataje bahari ya shairi, ahesabu mizani, aoneshe kibwagizo, kisha kengele inalia. Ni tarbia, naam. Lina kibwagizo kimoja kinachorudi, naam. Lakini kwanza tutazame nafsi: nani anasema na nani?

Anayesema ni mgane, na anasema na Amina. Jina la mke ndilo linalolifungua shairi, na kutoka hapo yeye ni "wewe" hadi mwisho. Haitwi marehemu. Hatajwi kama mke wa fulani, binti wa fulani, mama wa fulani. Tanzia zetu zote huandikwa katika nafsi ya tatu, na lazima ziwe hivyo, kwa kuwa zinawaarifu walio mbali. Shairi hili halimwarifu mtu. Linaendeleza mazungumzo ambayo kifo kiliyakata. Shaaban anamwambia mkewe kwamba alimwombea apate nafuu, kwamba hakutaka maradhi yamshinde, kwamba majonzi yake hayapati maneno, kwamba akiwaza kila kitu kinamjia kama ndoto. Kibwagizo kinashikilia kwamba agano la wawili hao liko nje ya uwezo wa mtu mwingine yeyote.

Halafu inakuja imani. Shaaban anakiri kwamba Mungu ndiye aliyemteua Amina, na kwamba huko aliko taabu haimfikii, naye anapata furaha kwa hilo. Ukiyachomoa maneno hayo peke yake, hayatofautiani sana na yale ya mochari niliyoanza nayo. Kwa nini basi hayatukeri? Ni kwa sababu yanasemwa na mwenye msiba, tena baada ya kusema wazi kwamba yeye alitaka jambo jingine. Alitaka apone. Hilo halifichi wala haliombei radhi. Imani inafika ikiwa imelipitia ombi lililokataliwa. Mgeni anayeingia mlangoni na "kazi ya Mungu haina makosa" anamtaka mjane aanzie pale ambapo Shaaban alifika kwa taabu, ubeti kwa ubeti.

Tena, kwamba Shaaban alioa tena baadaye hakukulifuta shairi hili. Aliyefiwa anaweza kupenda tena, na wengi hupenda. Lakini hilo ni tangazo lake yeye, kwa wakati wake yeye. Likitolewa na shangazi siku ya mazishi linakuwa kama kumwambia mtu aliyeunguliwa na nyumba kwamba mabati yako tele dukani.

Hata hivyo mhakiki hapaswi kuinamisha kichwa tu mbele ya gwiji. "Amina" ina upungufu wake. Shaaban anamlinganisha mkewe na ua lililojifunga baada ya kuchanua. Taswira hiyo ni nzuri, na ndiyo inayokumbukwa na wengi. Ila ua halina mazoea. Tunamaliza shairi tukijua kwamba Amina alipendwa, na hatujaambiwa alicheka vipi, alimwita mumewe nani walipokuwa peke yao, au alikasirishwa na nini. Mapenzi yanaonekana, mpendwa haonekani. Mpwa wangu, kwa sentensi yake moja ya chapati, alimwonesha mumewe zaidi.

Anayeziba pengo hilo ni mwanamke aliyemtangulia Shaaban kwa karibu karne moja. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Mwaka 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi ambao hadi leo unajulikana kwa jina lake. Utendi huu husomwa kama mafunzo ya mke mwema, na siku hizi husomwa pia kama ushahidi wa jinsi mwanamke alivyofunzwa kutii. Ubishi huo una haki yake. Lakini katikati ya mausia mna beti chache ambazo wasomaji wengi huzipita haraka, na ndizo za mjane.

Anasimulia kwamba aliishi na mumewe bila kukosana, na kwamba saa ya kufa ilipofika, mume alimkariria kwamba yu radhi naye. Hapa buriani ilipatikana. Kisha Mwana Kupona anasema jambo ambalo hakuna mfariji wa leo angelimruhusu kulisema. Anasema kwamba tangu siku ile hadi anapotunga, hajanyamaza kulia kila anapoyakumbuka mapumbao yao na wingi wa mazoea yao.

Mazoea! Neno hilo ni lake, na ndilo lilelile tunalolitumia darasani kukieleza kiambishi hu-. Mjane wa Siyu hakulilia cheo cha mumewe, ijapokuwa mume alikuwa mtawala. Analilia mambo ya kila siku, mizaha na desturi za nyumba ya watu wawili. Na tuhesabu miaka. Mume alifariki 1856, yeye anatunga 1858. Miaka miwili imepita na bado analia, tena analitaja jambo hilo mbele ya bintiye kama jambo la kawaida, bila kuona haya. Hasemi kwamba wakati umemponya. Wala hakuna katika utendi ule anayemwambia kwamba sasa imetosha. Kumbe kile tunachokiita mila ya kuvumilia kimya si kikongwe kama tunavyodhani. Katika moja ya tungo kongwe tulizo nazo za mwanamke Mswahili, mjane analia kwa sauti na utungo unaendelea.

Mtu atanikumbusha kwamba Shaaban na Mwana Kupona wote walipata muda wa kuona mauti yakija. Ni kweli, Amina aliugua, na Bwana Mataka alipata nafasi ya kutoa radhi. Kwa kifo kinachokuja bila hodi tuna mfano wa karibu zaidi, Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya ambayo maelfu ya vijana wetu waliisoma ikiwa kitabu teule. Mle daktari Ridhaa anampoteza — tazama, hata mimi neno lile linaniponyoka — Ridhaa anafiwa na mkewe pamoja na jamaa wengine katika nyumba iliyoteketezwa baada ya uchaguzi. Mwanawe Mwangeka, aliyekuwa mbali katika kazi ya kulinda amani, anafiwa na mkewe Lily na mtoto wao katika moto huohuo. Baba na mwana wanakuwa wagane siku moja.

Watahini wetu wamependa kuuliza juu ya ukabila, ardhi na uongozi mbaya katika riwaya hii. Maswali hayo ni halali. Nilichokosa kukiona kikiulizwa mara nyingi ni hili: mwandishi amemwachia Ridhaa nafasi ya kuzungumza na kumbukumbu zake akiwa kati ya majivu, kabla ya kumletea msomaji historia ya ukoo na nchi. Siasa inaanzia kwa mtu aliyefiwa. Na Mwangeka anapokuja kumwoa Apondi, ambaye naye amefiwa na mumewe, riwaya inatuonesha watu wawili wanaofahamu kwamba kila mmoja ana mtu wa tatu asiyeonekana pale mezani. Huko ndiko kupenda tena kunakostahili jina hilo. "Utapata mwingine" ya mochari haina nafasi kwa mtu huyo wa tatu. Inataka afutwe kiti kiwe wazi.

Nasikia msomaji akiniuliza: sasa, mwalimu, unataka tuseme nini? Watu wakienda matangani wakakaa kimya si itakuwa vibaya zaidi? Swali ni la haki. Misemo ya kurithi ina kazi yake. Siku ya kwanza hakuna mwenye akili ya kutunga sentensi, na ni afadhali kushika maneno ambayo wengine wameyashika kabla yetu kuliko kubuni upuuzi. Siipingi misemo basi. Nataka tuchague.

Tunayo makiwa. Neno hili ni la ukoo mmoja na mkiwa na ukiwa. Anayesema "makiwa" anataja hali ya mwenzake: umebaki peke yako, nami nimeliona hilo. Halaumu, hatabiri, hasahihishi. Bara tumeliacha neno hili kwenye kamusi na ratiba za mitihani, na ni hasara. Tunayo pole pia, ambayo watu huidharau kwa kuwa humpa hata aliyejikwaa kidole. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake. Pole ni fupi na haina haraka ya kufika popote. Vyote viwili ni bora kuliko zile herufi tatu za Kiingereza tunazozituma kwa simu tukiwa kwenye matatu, kisha tukaendelea na habari za mpira.

Baada ya makiwa na pole, kazi ya mfariji ni kumrudishia aliyefiwa nafsi ya kwanza. Akisema "hupenda", usimpe -li-. Mtaje marehemu kwa jina lake, usimfiche nyuma ya "marehemu" wala "mwendazake" kila mara, kwani anayeogopa jina humfundisha mjane kuliogopa pia. Uliza. Mlikutania wapi? Alikuwa akikuita nani? Alikuwa mtu wa namna gani akiwa na njaa? Akitaka kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu, atasema mwenyewe, nawe utaitikia amina. Akitaka kumlaumu huyo Mungu, msikilize vilevile. Shaaban hakuanzia kwenye furaha.

Muhimu zaidi ni wakati. Tunajazana siku za mwanzo, tunachanga, tunazika. Hema linaanuliwa, viti vya kukodi vinarudishwa, na ujumbe wa mwisho katika kikundi cha WhatsApp huwa hesabu ya michango: zilizoingia, zilizotumika, salio. Kikundi kinafungwa. Pwani husubiri arobaini, bara wengi hatusubiri hata hiyo. Hapo ndipo mjane wa miaka 27 huanza kupambana na saa kumi na moja jioni, saa ya lango kufunguliwa. Mwana Kupona alikuwa bado analia mwaka wa pili. Sisi tunataka mtu awe amemaliza ifikapo mwisho wa mwezi.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Tukirudi darasani na "Amina", tuwape wanafunzi bahari na mizani, ndiyo, maana mtihani upo. Kisha tuwaulize ni nani anayesema, anasema na nani, na ni nani hakualikwa kusema. Wengi wao watakuwa matangani kabla hawajafika miaka 30, baadhi wakiwa wageni mlangoni na baadhi wakiwa wenye msiba. Watakaokuwa wageni wakumbuke kwamba kitenzi ni kufiwa, na kiima chake tayari kipo pale sebuleni, kimekaa kwenye mkeka.